Geji isiyo na tarakimu: joto la oili katika Porsche 911 SC

Machi 8

Gari langu ni Porsche 911 SC ya mwaka 1982. Injini yake ya lita 3 haitumii maji hata tone moja. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili, karibu lita 13, ambayo huhifadhiwa katika tangi lililofichwa ndani ya madigadi ya nyuma upande wa kulia, na ikishapata joto la kutosha hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye kipoza kilichomo ndani ya madigadi ya mbele. Katika gari la namna hii, geji ya joto la oili ndiyo inayoshika nafasi ya geji ya maji tuliyoizoea. Bahati mbaya, yangu ina alama nyeupe tatu na eneo jekundu, na hakuna tarakimu hata moja inayoeleza alama hizo zina maana gani.

Kwa miezi kadhaa, kila niliporudi Nairobi jioni kutoka Naivasha, sindano ilikuwa ikipanda hadi kugusa alama ya tatu katika mlima wa kutoka Mai Mahiu. Fundi mmoja aliiona na kunishauri nifunge kipoza kikubwa zaidi chenye feni yake, kwa hoja kwamba gari la Wajerumani halikuundwa kwa joto letu. Hoja hiyo haikuniingia. Katika Safari Rally ya mwaka 1978, Vic Preston Jr. alimaliza wa pili akiendesha 911 SC, na sidhani barabara za siku zile zilikuwa na huruma kuliko lami ya Mai Mahiu. Niliamua kwamba sitanunua chochote kabla ya kujua sindano inasema nini.

Machi 15

Nilifungua sensa ya joto, kazi iliyonichubua vidole vitatu kwa sababu imebanwa mahali ambapo spana huzunguka robo ya mzunguko tu. Kisha nikaichomoa geji kutoka kwenye dashibodi. Imeshikiliwa na mpira peke yake, hivyo hutoka kwa mkono. Vyote viwili niliviweka juu ya meza ya jikoni pamoja na betri ya volti 12, nikaunga waya kutoka mwili wa sensa hadi upande wa hasi wa betri, kwa kuwa ndani ya gari kazi hiyo hufanywa na chuma cha injini chenyewe.

Kabla ya yote nilitaka kukihakiki kipimajoto. Nilichemsha maji, nikakitumbukiza, nacho kikasimama kwenye nyuzi 94.6. Nilikasirika, nikaenda kununua kingine, nacho kikasoma 94.4. Ilinibidi nikae kitako ndipo nikumbuke somo la fizikia la kidato cha pili: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Vipimajoto vilikuwa vizima. Laiti ningaliichovya sensa katika maji yanayotokota na kuandika 100 pale sindano iliposimama, kosa la zaidi ya nyuzi 5 lingaliingia katika kila kipimo cha baadaye.

Kwa joto la juu zaidi nilitumia mafuta ya kupikia katika sufuria ya maandazi, jambo lililomfanya mke wangu aulize kama sensa huliwa na chai au na mchuzi. Nilipasha polepole, nikikoroga, na kuandika kipimo kila sindano ilipofika alama. Alama ya kwanza ilikuwa nyuzi 60, ya pili 91, ya tatu 121, na wekundu ulianza karibu na 150. Maana yake ni kwamba geji na sensa vilikuwa vikielewana vizuri, na kwamba nyuzi 120 za jioni zile za Mai Mahiu zilikuwa za kweli au zilitokana na kitu kilichobaki ndani ya gari.

Machi 16

Jibu lilipatikana gereji ya nyumbani, gari likiwa limesimama. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikawasha injini hadi sindano ikapita kidogo alama ya pili, kisha nikawasha taa. Papo hapo sindano ilipanda karibu na alama ya tatu, nilipozima, ikashuka. Lita 13 za oili haziwezi kupata joto kwa kufumba na kufumbua.

Waya wa kahawia, ambao katika magari ya Kijerumani ndio wa hasi, ulikuwa umeota kutu pale unapofungwa kwenye bodi nyuma ya dashibodi. Balbu za geji hutumia waya huohuo; umeme wake ulipokosa njia safi ya kurudi, ulipunguza nguvu ya koili moja ndani ya geji, na ile iliyounganishwa na sensa ikaivuta sindano kuelekea moto. Ndiyo sababu tatizo lilijitokeza jioni tu! Nilipiga msasa, nikaongeza waya mpya, na taa hazikuisogeza sindano tena.

Machi 29

Sasa nilitaka tarakimu. Kwanza nilibandika karatasi angavu juu ya kioo, lakini kichwa kikisogea kidogo namba nazo huhama, na kosa hufika nyuzi 5. Geji ya mwaka mwingine yenye namba niliikataa pia, kwa kuwa geji na sensa yake ni chanda na pete. Ukichanganya, unapata namba nzuri zinazodanganya. Hatimaye nilikunjua ukingo wa geji taratibu na kubandika 60, 90, 120 na 150 kwenye uso wenyewe.

Aprili 12

Mlima wa Mai Mahiu, jioni, taa zikiwaka: 104. Nilisimama juu na kugusa bomba linalopita chini ya mlango wa kulia. Lilikuwa la moto, ishara kwamba themostati, ambayo hufunguka karibu na nyuzi 85, inapeleka oili mbele inavyotakiwa. Fedha za kipoza kikubwa zimebaki mfukoni.

Aprili 20

Niko Mombasa kwa shangazi. Kipimajoto nilikuja nacho. Maji ya chai yalipochemka kilisoma 99.8.