Pikapu inayofumba pua
Jana nimeendesha pikapu yangu ikiwa tupu, upepo ukinipiga kwa mbele, mshale wa mafuta unashuka huku nautazama. Usiku nikarudia picha za Ford Atlas, pikapu ya maonyesho tu, isiyouzwa, iliyooneshwa Detroit mwaka 2013. Ile ilikuwa na akili! Ikishika kasi, grili (wavu wa mbele unaoingiza hewa) inajifunga kama injini haihitaji hewa ya kupoza, vifuniko vinaziba matundu ya rimu, na bamba la chini ya bampa linashuka kuzuia upepo usijae uvunguni. Ukisimama foleni, injini inajizima yenyewe. Vifuniko vya rimu ndivyo vilivyonikosha, ingawa nikiwaza tope la barabara ya udongo... mmh! Pikapu ya Ford F-150 ya 2015 ilirithi sura yake, tena kwa bodi ya alumini.