Nani aliita haya mapumziko?

Leo nimeshinda na mchoro wa mzunguko wa seli, na kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoona haki haikutendeka. Profezi, metafezi, anafezi na telofezi, hatua nne za mitosisi (kugawanyika kwa kiini cha seli), zimepewa picha kubwa za rangi. Interfezi, muda ulio kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine, imeachiwa kamstari kamoja pembeni: "kipindi cha mapumziko".

Mapumziko gani? Seli ya binadamu inayokuzwa maabarani humaliza mzunguko kwa takriban saa 24, na katika hizo, mitosisi huchukua kama saa moja tu. Zilizobaki ni kazi tupu. Katika G1, sehemu ya kwanza ya interfezi, seli inakua na kupima kama ina sababu ya kuendelea. Katika S, sehemu ya pili, inanakili DNA yake yote, zaidi ya jozi bilioni 6 za herufi. Katika G2, ya mwisho, inakagua na kurekebisha.

Nadhani lawama ni za macho. Walther Flemming, Mjerumani aliyeielezea mitosisi katika kitabu chake cha 1882, aliona nyuzi zilizokolea rangi chini ya hadubini kwa sababu wakati wa kugawanyika kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, hujikunja na kunenepa. Mgawanyiko ukiisha hulegea, na jicho halioni kitu. Ilibidi kusubiri hadi 1953, Alma Howard na Stephen Pelc walipotumia fosforasi yenye mnururisho kwenye mizizi ya maharagwe, ndipo ikaonekana kwamba DNA hunakiliwa katikati ya yale yaliyoitwa mapumziko.

Hata hivyo, hatua iliyonikalia kichwani ni metafezi. Kwenye picha imetulia: kromosomu 46 zimejipanga katikati, kila moja ikiwa na nakala mbili zilizoshikamana. Utulivu huo ni wa uongo. Nyuzi za aina nyingine, zinazozishika kromosomu kutoka ncha mbili za seli, zinavutana kila upande, na kromosomu ambayo haijashikwa hutoa ishara ya kuzuia. Moja tu! Arobaini na tano ziko tayari, lakini zitamngoja huyo mmoja. Akishashikwa sawasawa, ishara inazimika, kimeng'enya kinakata protini iliyofunga nakala hizo, na zote zinaachana karibu kwa wakati mmoja. Anafezi yenyewe huisha kwa dakika chache. Telofezi sina la kusema juu yake. Viini viwili vinajengwa, seli inabanwa katikati, basi.

Kungoja huko ndiko kunakotumiwa na vinkristini, dawa ya saratani. Inaharibu nyuzi hizo za kuvuta, kromosomu hazishikwi, na seli inakwama palepale kwenye metafezi. Nyingi hufa. Lakini kuna zinazochoka kungoja: saiklini, protini inayoibakiza seli kwenye mitosisi, inapungua kidogo kidogo, seli inatoka kwenye mitosisi bila kugawanyika, na kubaki na kromosomu mara mbili ya kawaida, zote ndani ya seli moja. Hizo ndizo ninazotaka kuzisoma kesho.