Nilivyopima asali na uyoga wa msitu wetu mpaka hesabu ikakubali

Naandika hii kwa sababu juzi tena nimesikia mtu mzima anasema mbele za watu kwamba mazao ya msitu yasiyo mbao hayapimiki, eti magogo utayahesabu lakini asali na uyoga vinaishia jikoni. Iliniuma kwa kweli. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Sikonge, Tabora, tuna msitu wetu wa hifadhi wa kijiji, miombo tupu, na nimepima misimu mitatu sasa. Yanapimika. Ila sio kwa ile njia niliyofundishwa mwanzoni, ile ilinipotezea mwaka mzima.

Mwaka wa kwanza nilimsikiliza mtaalamu mmoja aliyetutembelea. Akaniachia fomu, akasema pita nyumba kwa nyumba uulize kila kaya imevuna kilo ngapi. Kilo! Nani huku anavuna kwa kilo? Asali huku ni ndoo, uyoga ni sado (lile kopo la kupimia sokoni) au fungu, ntalali na ntonga, matunda ya porini, ni beseni. Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye anarina asali tangu mimi sijazaliwa, nikasalimia vizuri, shikamoo babu, tukaongea mvua na mahindi, halafu nikatoa karatasi. Babu akaiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Mjukuu wangu, andika kumi." Nikauliza kumi nini babu? "Wewe andika tu." Nikaandika. Ndivyo ilivyokuwa nyumba karibu zote, maana ukija na kalamu kichwani mwa mtu inaingia neno moja tu, ushuru. Nilipojumlisha, asali ya kijiji kizima ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoiona kwa macho yangu ikipakiwa kwenye fuso moja mwezi wa sita.

Mwingine akanishauri nisihangaike, nihesabu mizinga halafu nizidishe mara kilo 15. Huu ushauri bado unazunguka, naomba muuache. Nilitembea njia moja ya kwenda kambini, kule msituni warina asali wanakolala, nikakagua mizinga 60, ya magogo na ya magome, nikawa nasimama chini ya kila mti jioni naangalia mlangoni kama nyuki wanaingia na kutoka. Yenye nyuki ilikuwa 34. Mingine mitupu kabisa, mingine siafu wameingia, na mmoja nyegere alikuwa ameuangusha na kuupasua kama boga, masega yametapakaa kwenye majani. Sasa ukizidisha mizinga yote mara 15 unapata asali ya kwenye ndoto. Kama lazima uhesabu mizinga, tenganisha kwanza yenye nyuki, na upime wewe mwenyewe kwa mizinga kadhaa inatoa kiasi gani, maana mzinga wa mtu mvivu na wa mtu anayefuatilia haulingani hata kidogo.

Haya, mizani. Nilinunua ya kuning'iniza, ile yenye uso kama saa, ya kilo 50, ilikuwa elfu thelathini na kitu. Sikuiamini kwa sababu ilikuwa imeshatumika. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikapima kwanza ikiwa tupu, nikajaza maji mpaka kwenye alama, nikaning'iniza kwenye tawi la mninga nyuma ya nyumba. Ukitoa uzito wa ndoo, mshale ulisimama kwenye 20 kamili. Nikafurahi, lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani ni nzima. Halafu sijui nini kikanituma, nikaomba kwa jirani ndoo kama ileile ya lita 20 yenye asali iliyochujwa, nikaining'iniza palepale. Mshale ukapita 20, ukapita 25, na ukitoa uzito wa ndoo, 28! Nikashusha nikapandisha tena. 28. Nikakaa chini. Daftari langu lote la mwaka mzima, kila palipokuwa na ndoo nilikuwa nimeandika kilo 20. Lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4, jamani, kila ndoo nilikuwa naidhulumu kilo 8. Na hao wanaonunua kwa ndoo halafu wanaenda kuuza kwa kilo, wao hii wanaijua siku nyingi sana.

Lakini tena usikimbilie 28 kwa kila ndoo, hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na mizani. Ndoo inayotoka kambini kwenye baiskeli sio asali iliyochujwa, ni masega, kuna hewa katikati, kuna nta, kuna na masega ya watoto wa nyuki ambayo mrinaji mwenye haraka ameyachanganya. Nilizipima kama 20 hivi, zikawa zinacheza kati ya kilo 19 na 24. Halafu nikaomba ndoo 6 tuzikamue pale kwangu, tukapima asali peke yake, nta peke yake, machicha peke yake, kazi ya siku mbili na nyuki wa kijiji kizima walikuja, mke wangu hakuongea na mimi mpaka jioni ya siku ya pili. Ila baada ya hapo nilikuwa na kitu ambacho fomu isingenipa: mtu akiniambia ndoo moja ya masega, najua ni asali kiasi gani safi. Kwa hiyo mwache mtu aongee ndoo yake. Kilo utazitafuta wewe.

Sasa ile hofu ya ushuru. Hii ndiyo sehemu ninayojivunia na sitaficha. Niliomba chupa tupu za maji, nikagawa moja kila kaya inayorina, bila jina, bila namba, nimechora tu mstari wa rangi ya kitongoji. Nikawaambia ukirudi kambini, kila ndoo ya lita 20 dondosha punje moja ya mahindi, ndoo ya lita 10 dondosha haragwe. Basi. Msimu ukiisha tunamwaga zote za kitongoji kimoja kwenye gunia moja mbele ya watu, tunahesabu, hakuna atakayejua ya nani ni ipi. Babu yule wa "andika kumi" ndiye wa kwanza kunyoosha mkono kuchukua chupa.

Mara ya kwanza panya walituharibia. Chupa hazikuwa na vifuniko, kaya mbili chupa zimeanguka na punje zimeliwa zote, hesabu ya msimu mzima imo tumboni mwa panya. Tukabadilisha, mahindi yakawa vifuniko vya soda, haragwe likawa kokoto, na chupa inaning'inizwa juu. Kifuniko hakiingii kwenye mdomo wa chupa, kwa hiyo tukatumia makopo. Tangu hapo hakuna tatizo.

Na sikuamini makopo peke yake. Kuna mti wa kivuli pale kwenye kijito ambapo kila anayetoka msituni kwa njia ya mashariki lazima apumzike anywe maji, na ndipo nilipokuwa nakaa na mizani. Sikuweka kamba wala kizuizi, ukiweka kamba tu watapita porini usiku. Nilikuwa na maji ya kunywa na pampu ya baiskeli. Mtu anajaza upepo, mimi naning'iniza ndoo, mwangaluka (salamu ya huku), tunaagana. Ndoo nilizoandika pale nikalinganisha na makopo ya vitongoji vinavyotumia njia ile, tofauti ilikuwa ndoo chache tu. Hapo ndipo nilipolala usingizi.

Uyoga nilidhani ni rahisi. Mvua za kwanza zikianza kina mama wanatoka alfajiri, saa mbili wako barabarani na sado zao. Nikapima sado kadhaa, kila moja inatoa uzito wake, nikachanganyikiwa. Mama mmoja akanicheka akasema, "Baba, huo wa yule umeloa mvua, huu wangu nimeupangusa, na ule wa kule umeshakaa juani." Alichukua uyoga mmoja akauminya, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kweli, nilikuwa napima maji. Tangu siku hiyo napima kila asubuhi wakati uleule, nauliza kama umeoshwa, na sado isiyoshindiliwa. Na uyoga mkavu usiuchanganye na mbichi kwenye safu moja ya daftari hata siku moja, kilo 10 mbichi ukianika unabaki na kilo moja hivi. Niliona ripoti imejumlisha vyote pamoja nikaifunga.

Na kinacholiwa nyumbani kiandikwe pia! Mimi nilikuwa naandika cha kuuza tu mpaka mke wangu akaniuliza hizo mboga tulizokula wiki tatu zimetoka sayari gani. Kwa uyoga, kwetu kinacholiwa kilikuwa kingi kuliko kinachouzwa.

Mwaka huu kwenye mkutano mkuu wa kijiji nilisimama na daftari, mtu mmoja alikuwa anataka eneo la upande wa mashariki likatwe kwa mkaa kwa kuwa "halina faida". Nikasoma ndoo za njia ya mashariki, moja moja kwa kitongoji, kisha kilo, kisha bei ya msimu ule. Watu walinyamaza. Yule babu akasimama akasema hesabu hiyo ni ya kweli, na yeye kopo lake alilijaza mwenyewe. Eneo halikukatwa. Mwezi wa tano tunagawa makopo tena, na safari hii kina mama wanataka ya kwao ya ntalali.