Mfalme Asiyekuwa na Nathani

Somo: 2 Samweli 12:1–13, 16:5–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii tunakaa na nabii Nathani, aliyeingia kwa mfalme Daudi na kisa cha mwana-kondoo mmoja. Sote tunalikumbuka lile neno lake, "Wewe ndiwe mtu huyo." Lakini kuna jambo tunalolipita haraka kabla ya kufika hapo, nalo ni kwamba hukumu aliitoa Daudi mwenyewe. Aliposikia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee, hasira ilimwaka, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa na kwamba atalipa mara nne. Hukumu ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni jina la mshitakiwa tu.

Mkesha wa Krismasi wa 2011, Mfalme Juan Carlos wa Hispania alilihutubia taifa kwenye televisheni kama ilivyo desturi, akatamka kwamba haki ni sawa kwa wote. Wahispania walielewa anamlenga nani. Mkwewe, Iñaki Urdangarin, aliyewahi kuchezea taifa mpira wa mikono kwenye Olimpiki, alikuwa akichunguzwa kwa fedha za serikali za majimbo zilizopitia taasisi yake ya Nóos. Mkwe huyo aliingia gerezani 2018 kutumikia miaka 5 na miezi 10. Mkewe, Binti Mfalme Cristina, alipandishwa kizimbani Palma 2016, akaachiwa huru mwaka uliofuata.

Ila mfalme hakuwa amemaliza na maneno yake yale. Aprili 2012 alianguka na kuvunjika nyonga huko Botswana, alikokuwa amekwenda kuwinda tembo. Nyumbani uchumi ulikuwa umeporomoka, karibu robo ya watu wenye uwezo wa kufanya kazi hawakuwa na ajira, na raia wengi walijua kwamba mfalme wao yuko mawindoni pale tu aliporudishwa Madrid kufanyiwa upasuaji. Siku ya kutoka hospitali alisimama kwenye ukumbi, magongo mikononi, akasema kwa Kihispania maneno 11 tu: anasikitika sana, amekosea, na halitatokea tena. Mfalme kuomba radhi hadharani lilikuwa jambo geni kabisa. Miaka miwili baadaye, Juni 2014, alimwachia kiti mwanawe, Felipe VI.

Ilikuwaje akafika hapo? Nadhani tuanzie kwenye wema wake. Jioni ya tarehe 23 Februari 1981 wanajeshi waliingia bungeni na bunduki na kuwashika mateka wabunge wote. Juan Carlos, aliyekuwa amechaguliwa na dikteta Franco mwenyewe kuwa mrithi wake, alijitokeza kwenye televisheni usiku wa manane na sare ya amiri jeshi, akasimama upande wa katiba. Mapinduzi yakafa. Tangu hapo nchi ilimpenda kama Israeli ilivyompenda kijana aliyemwangusha Goliathi. Magazeti yaliyojua safari zake, matajiri waliomzunguka na mambo ya ndani ya ndoa yake yalinyamaza kwa miaka mingi. Shukrani iligeuka pazia.

Katiba nayo ikaongeza ukuta. Ibara ya 56 ya katiba ya 1978 inasema nafsi ya mfalme haiguswi wala haiwajibishwi. Mantiki yake ipo: mfalme wa kikatiba hatawali, kila hati yake inatiwa saini pia na waziri au kiongozi mwingine, na huyo ndiye anayebeba lawama. Lakini linganisha na Kumbukumbu la Torati 17. Huko mfalme anaagizwa ajiandikie nakala ya torati, aisome siku zote za maisha yake, asijizidishie fedha na dhahabu, na moyo wake usiinuliwe juu ya ndugu zake. Musa hakumwekea mfalme kinga yoyote. Alimwekea kitabu.

Baadaye zikafichuka dola milioni 100 kutoka Saudi Arabia, zilizoingia 2008 kwenye akaunti ya Uswisi. Tarehe 15 Machi 2020, siku moja tu baada ya serikali kutangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona, Felipe alitangaza kwamba anakataa urithi wowote wa baba yake na kwamba posho ya mzee inakatwa. Agosti mwaka huo Juan Carlos aliondoka nchini, akahamia Abu Dhabi. Waendesha mashtaka walifunga jalada Machi 2022: mengine yalikuwa yameshapitwa na wakati, mengine yalilindwa na kinga ya kiti, na kodi alikuwa amekwisha kuzilipa kwa kuchelewa. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na haki inatutaka tuliseme hilo. Miezi miwili baadaye alirudi kwa ziara fupi kwenye mashindano ya mashua huko Sanxenxo. Mwandishi mmoja alimwuliza kama angempa mwanawe maelezo. Akacheka na kujibu, "Maelezo ya nini?"

Daudi alipoambiwa, alijibu, "Nimemfanyia Bwana dhambi."

Mimi simwoni Daudi kuwa bora kwa tabia. Aliyoyatenda kwa Uria, askari wake aliyemchukulia mke kisha akapanga auawe vitani, ni mabaya kuliko uwindaji wowote. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuingia mlangoni na kumwambia. Tukubali, makanisani kwetu tumewanyima wengi ruhusa hiyo. Mtu akiuliza sadaka ya ujenzi imekwenda wapi, anajibiwa, "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana!" Hebu fungua Zaburi 105, msitari wa 14 na 15. Maneno hayo Mungu aliwaambia wafalme, akiwalinda wasafiri wachache wasio na kwao, Ibrahimu na wanawe. Ni onyo kwa wenye nguvu, nasi tumelifanya kuwa ngao yao.

Sasa nenda Paiporta, karibu na Valencia, tarehe 3 Novemba 2024. Mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 220, na tahadhari ilikuwa imechelewa kuwafikia wananchi. Felipe na Malkia Letizia walipofika, watu walikuwa na majembe mikononi na hasira vifuani. Wakawarushia matope, wakapiga kelele, "Wauaji!" Walinzi walifungua miavuli. Waziri Mkuu Pedro Sánchez aliondolewa. Mfalme alibaki, koti limechafuka, akawasogelea watu. Kijana mmoja akamlilia begani.

Soma hapo 2 Samweli 16. Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, mfalme aliyemtangulia Daudi, anamrushia Daudi mawe na mavumbi, akimwita mtu wa damu kwa sababu ya nyumba ya Sauli. Abishai, askari wa Daudi, anataka kumkata kichwa, Daudi anakataa. Kwa shtaka lile Shimei alikosea: Daudi hakuwa na damu ya Sauli mikononi, kama vile Felipe hakuwa na mamlaka juu ya kengele za tahadhari. Lakini nadhani Daudi alikumbuka damu ya Uria, ambayo Shimei hakuitaja, akaona kwamba huenda Bwana ndiye aliyemtuma.

Felipe si baba yake, na Ezekieli 18 inatuambia mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hata hivyo taji alirithi pamoja na madeni yake ya imani, na matope ya siku ile hayakuwa ya mvua peke yake.

Katika maombi ya wiki hii tuwataje wafiwa wa Valencia, tumtaje Felipe, na tumtaje mzee Juan Carlos kwa jina, bila dhihaka. Kisha, wazee wa kanisa mnaosoma haya, kikao kijacho amueni ni nani mwenye ruhusa ya kumwomba mchungaji wenu vitabu vya hesabu, na mwandikeni jina lake kwenye kumbukumbu.