Marufuku ya rambo ilivyonipa kazi: uzoefu wangu wa kusoma kanuni

Tarehe 9 Aprili 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei. Kuanzia Juni mosi, kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza wala kutumia rambo hakutaruhusiwa. Wakati huo nilikuwa nashona sare za shule na mapazia Tandika, Dar es Salaam. Nikapiga hesabu ya kila anayekwenda gengeni jijini humu akiwa mikono mitupu, akitegemea kupewa mfuko wa bure, nikaona kuna kazi kubwa inakuja na muda wa kujiandaa haufiki miezi miwili.

Tangazo lenyewe halikunishtua. Zanzibar walishapiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda 2008, na Kenya ilianza kutekeleza katazo lake tarehe 28 Agosti 2017. Sheria ya namna hii ilikuwa inatuzunguka, na mtu aliyefuatilia habari za majirani angejua zamu yetu haiko mbali. Mimi nina shangazi Mombasa ambaye ni muuza duka, na swali langu la kwanza kwake halikuwa juu ya mwezi wa kwanza wa katazo. Nilitaka kujua miezi sita baada ya katazo kulikuwaje.

"Mwanzo kila mfuko uliuzika, hata uliokwenda upande," aliniambia. "Baadaye kila mtu akawa mshonaji, bei ikaanguka. Waliobaki ni wale wenye wateja wao."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko semina yoyote. Kanuni mpya inapotoka, fursa ya wazi kabisa huonwa na watu wote kwa siku moja, na mwenye mtaji mkubwa hufika mbele yako. Kulikuwa na watu wanaoagiza makontena ya mifuko mbadala iliyokwisha kushonwa. Nisingeweza kushindana nao kwa bei ya gengeni, hata nikeshe juu ya cherehani.

Kanuni zilipochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, Tangazo Namba 394 la mwaka 2019, nilitafuta nakala yangu. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, nikakaa na binti wa kaka yangu aliyekuwa anasoma chuo tukaipitia kifungu kwa kifungu. Mitaani watu walikuwa wanazungumzia adhabu tu: atakayekutwa anatumia au anamiliki rambo, faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo cha siku zisizozidi saba. Hiyo nayo ilikuwa na maana yake kwangu. Sheria inayomgusa mnunuzi mwenyewe, siyo mwenye kiwanda peke yake, hubadilisha tabia haraka. Mama anayekwenda sokoni atakuwa na hofu yake mwenyewe, hatasubiri kuambiwa na muuzaji.

Nilikaa zaidi kwenye orodha ya wasiohusika. Vifungashio vya huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula na usafi viliachwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha mkate au maziwa hakuwa na shida ya kunitafuta, na sikupoteza nauli kumfuata. Aliyebanwa ni muuza duka anayemkabidhi mteja bidhaa mkononi. Kati ya hao nikachagua wenye maduka ya nguo Kariakoo, Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani. Mfuko uliokuwa wa bure sasa una bei, na kitu chenye bei hakitupwi. Mteja atatembea nao kwenye daladala na sokoni kwa miezi. Nilimweleza hivyo mwenye duka mmoja: "Bosi, ukiandika jina lako hapa, utatangazwa Mbagala na Gongo la Mboto." Akaagiza. Kijana anayechapa fulana jirani yangu akawa mwenzangu wa kazi, mimi nashona, yeye anachapa.

Kisha kuna suala la kipimo, na hapa ndipo nilipopata jina. Mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa ilitakiwa iwe na uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba, wenyewe tunaita GSM 70, pamoja na jina na anwani ya mtengenezaji. Madukani marobota yaliandikwa 70, lakini mkono wa fundi unajua kitambaa. Kuna siku nilishika roli nikaona ni jepesi mno. Muuzaji akasisitiza, "Dada, hii sabini, soma lebo." Nilimwomba anikatie kipande cha mita moja kwa nusu mita, nikalipia, nikaenda kukiweka kwenye mizani ndogo ya jikoni. Nusu ya mita ya mraba ya GSM 70 lazima isome gramu 35. Kile kilisoma chini ya 30. Tangu hapo sinunui roli bila kupima, na mizani husafiri nami kwenye mkoba. Ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na mzigo mzima kushikwa.

Ukaguzi ulipoanza kugusa mifuko mbadala yenyewe, wenye maduka waliokuwa wamenunua mifuko myepesi kwa sababu ya bei walianza kunitafuta. Kwa wanaotaka kufuata njia hii: pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo anayepita huko hupunguziwa mzigo mkubwa wa gharama, na wengi hawaijui nafasi hiyo.

Mwaka 2021 Serikali ikageukia vifungashio, vile vinailoni vyepesi visivyo na mikono ambavyo watu walikuwa wamevigeuza kuwa mbadala wa rambo. Nilikuwa nimeshaona karanga, nyanya na hata dagaa vikibebwa humo tangu mwaka uliotangulia, nikajua mwanya huo utazibwa. Mifuko yangu midogo ya bei nafuu ilikuwa tayari imekatwa.

Siku hizi nina ratiba. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, na mabadiliko ya kodi huanza Julai mosi, kwa hiyo wiki mbili hizo sipokei kazi za harusi. Nasoma, au nasomewa, nikiuliza jambo moja kila ukurasa: kuanzia tarehe hii, nani atashindwa kuendelea kama alivyozoea, na atahitaji kitu gani ambacho bado hakijulikani?

Swali hilo ndilo nililompa mdogo wangu, mchomeleaji wa Keko, Serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Mei 2024 Rais Samia akazindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wenye mitaji walikimbilia mitungi na majiko ya gesi. Mdogo wangu nilimtuma kwanza kwenye jiko la shule, aangalie sufuria. Masufuria yale makubwa yalitengenezwa yakae juu ya mafiga, na mengi hayatulii kwenye jiko la gesi. Sasa anachomelea mafiga ya chuma yenye kingo za kushika sufuria isiyumbe, kwa kipimo cha kila jiko. Shule hazinunui masufuria mapya, na yeye ana oda za kumfikisha likizo ya Desemba.