Kisima cha mchangani

Katika miaka niliyofundisha kliniki ya sheria mjini Dodoma, ambako wanafunzi wa sheria huwasaidia wateja halisi, nilisimama mara nyingi upande wa wazazi waliokuwa hatarini kunyang'anywa watoto wao, lakini shauri lililobadilisha namna yangu ya kufundisha lilikuwa la mama mmoja kutoka kijiji cha Wilaya ya Chamwino, mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 2018. Afisa ustawi wa jamii alimkuta binti yake wa miaka mitano peke yake asubuhi, karibu na moto uliokuwa bado unawaka, akaomba Mahakama ya Watoto itoe amri ya kumweka mtoto huyo chini ya malezi ya wengine.

Mwanafunzi niliyemkabidhi jalada alikuwa hodari. Aliniletea rasimu ya kiapo kinzani, yaani maelezo ya maandishi ya mama, chini ya kiapo, ya kulijibu ombi lile, iliyosheheni vifungu vya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hasa kifungu cha 7 kinachompa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, isipokuwa mahakama ikiamua kwamba kuishi nao kutamletea madhara makubwa. Vifungu vilikuwa sahihi, ila kiapo hubeba mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe, wala si hoja za wakili. Na katika kurasa zote zile hapakuwa na mstari hata mmoja ulioeleza mama alikuwa wapi asubuhi ile. Nakiri kwamba hata mimi sikuwa nimemwuliza.

Tulikwenda kwake. Alitukaribisha kwenye kivuli cha tembe lake, na mwanafunzi wangu, baada ya kumwamkia na kujulia hali, akamwuliza kwa upole alikuwa wapi asubuhi ile.

"Wengine wote waliniuliza mtoto alikuwa na nani," alijibu. "Mimi nilikuwa wapi, hakuna aliyeniuliza, mwanangu."

Kisha akatupeleka kwenye korongo, ambako wanawake huchimba mchanga hadi maji yachuruzike, wakayachota kwa kata, kidogo kidogo. Kiangazi kikikaza, alisema, huondoka nyumbani saa tisa usiku ili awahi zamu, na dumu moja huweza kumchukua saa nzima. Mwanafunzi alisimama pale na saa yake mkononi hadi dumu la mwanamke mmoja likajaa.

Kiapo kipya kilikuwa na kurasa mbili: korongo, foleni, dumu, na wifi yake aliyekubali kulala pale nyumbani siku za zamu. Hatari ya ule moto hatukuificha, kwa maana ilikuwa ya kweli, na mama mwenyewe aliitaja kabla hajaulizwa. Shauri lilisikilizwa faraghani, kama sheria inavyotaka, katika chumba kidogo kisicho na watazamaji. Hakimu aliweka karatasi kando, akamwuliza mama mwenyewe kuhusu kisima, akamsikiliza mpaka mwisho. Badala ya kumwondoa mtoto, alitoa amri ya usimamizi, ambayo humwacha mtoto nyumbani huku afisa ustawi akiitembelea familia. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu yeyote hakuruhusiwa kuandika kiapo kabla hajafika nyumbani kwa mteja.

Nje ya mahakama, binti akiwa ameshikilia kanga ya mama yake, nilitaka kuwaeleza masharti ya amri ile kwa mara nyingine. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza saa, kwa sababu usiku ule zamu ya maji ilikuwa yake.