Upepo Kwenye Mpira wa Dizeli

Hilux ilizima mara ya tatu barabara ya Sikonge, kilomita chache tu nje ya Tabora mjini. Ilikuwa mwaka 2009, barabara bado ya vumbi. Tulikuwa tumetoa injini yake ya petroli, Toyota 22R ya cc 2366, tukaweka Toyota 3L ya dizeli, cc 2779. Mwenye gari alikuwa mnunuzi wa asali. Huko ndani alikopakia ndoo zake, petroli iliuzwa kwenye chupa kwa bei anayotaka mwenye chupa, lakini dizeli ilipatikana popote penye mashine ya kusaga.

Kazi kubwa ilikuwa imekwenda vizuri kwa sababu injini haikununuliwa peke yake. Nilimwambia mapema: "Mzee wangu, kama muuzaji hatoi na giaboksi yake, iache." Giaboksi ya 22R haifungi kwenye 3L, matundu ya bolti hayalingani. Wapo wanaochonga bamba la kuunganishia, na wakikosea kidogo tu shafti inakaa upande, inakula beringi na klachi.

Mauntini, yaani vikalio vya injini, nazo hazikukaa pale pa zamani. Tuliining'iniza injini kwa cheni bloku chini ya mwembe, gereji ya Cheyo, tukaifunga na giaboksi yake, tukatazama nafasi ya feni na rejeta, tukapima kama sampu, bakuli la oili chini ya injini, itagusa eksili ya mbele springi zikibonyea. Vishikio vya chesisi vilichomelewa baada ya hapo, si kabla. Mkanda wa taiming tulifunga mpya injini ikiwa bado nje, maana ukikatika vali zinagonga pistoni na injini yote imekwenda.

Umeme hauhitaji mengi, ila kila waya una kazi yake. Ule wa kwoili, inayotengeneza cheche za petroli, ulihamia kwenye swichi ya kuzimia iliyo juu ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Tuliupima kwanza kwa mita, kwani magari mengine yana kizuizi kinachopunguza volti za kwoili. Swichi ile ikikosa umeme injini haiwaki, na ukiiunga moja kwa moja na betri, ukifunga ufunguo injini inaendelea kunguruma. Hita plagi, zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka, zilipata relei yake na kitufe, baada ya kusoma volti zilizoandikwa kwenye kila moja.

Breki ndizo zinazoua watu kwenye kazi hii. Injini ya petroli huipa busta, kile chombo kinachousaidia mguu kukanyaga breki, nguvu ya kuvuta kutoka kwenye manifoldi, dizeli haina. Lazima alteneta iwe ile yenye pampu ya vakyumu nyuma yake, na pampu hiyo ipate oili ya injini na njia ya kuirudisha. Bila hivyo pedali inakuwa ngumu kama gogo, na gari lina tani nzima ya asali mgongoni.

Namba ya injini kwenye kadi ya gari ilishughulikiwa TRA, mamlaka ya mapato, na jambo hilo halikutusumbua.

Tangi tulilishusha, tukamwaga petroli yote, tukalisuuza kwa dizeli. Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo petroli inayobaki inaisaga. Kosa letu lilikuwa kurudisha mipira ile ile ya zamani ya kupitisha mafuta.

Turudi barabara ya Sikonge. Sasa gari limezima, na kijana wangu yuko chini yake kwa muda mrefu. "Fundi, mbona hakuna hata tone?" Hakuna, kwa sababu kwenye 3L pampu inavuta dizeli kutoka tangini. Penye ufa hapavuji nje, panaingiza upepo ndani, na injini inakosa dizeli. Mjini lilikwenda vizuri, ila kwenye makorongo mtikisiko ulikuwa unaufungua ule ufa.

Tulikata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama sentimita 20, tukakifunga kati ya filta na pampu. Injini ikawaka. Dizeli ilipita safi, rangi ya chai nyepesi, kisha kikaja kiputo kimoja kidogo kama punje ya mtama, kikafuata kingine, halafu mlolongo mzima, na mlio wa injini ukaanza kukatika. Ufa ulikuwa juu ya tangi, chini ya klipu, mwembamba kama unywele. Mpira wenyewe ulikuwa mkavu, umekakamaa.

Tulibadilisha mipira yote kuanzia tangini hadi kwenye filta, ya milimita 8, klipu mbili kila ncha. Tukapampu kwa mkono kile kitufe cha juu ya filta mpaka kikawa kigumu, tukalegeza nati za nozeli, tukapiga stata mpaka dizeli ikatoka bila povu, tukakaza moja baada ya nyingine.

Ule mpira mweupe tuliuacha safari mbili za Sikonge tukiuangalia. Halafu tuliutoa, kwa sababu plastiki hukakamaa kwa joto la injini, na baadaye nao ungevuta upepo.